Darasa Linalojibu kwa Sauti Moja: Namna ya Kumfanya Kila Mwanafunzi Afanye Kazi ya Kufikiri

Mwalimu mwanachuo anapomaliza kipindi chake cha kwanza, huku koo limemkauka na darasa zima limemwitikia “Ndiyo, mwalimu!” kila alipouliza kama wameelewa, aghalabu huondoka akiamini kwamba somo limefaulu. Makala haya yanakusudia kuitilia shaka imani hiyo, na kueleza njia chache za kumfanya mwanafunzi mmoja mmoja, wala si darasa kwa jumla, afanye kazi ya kufikiri. Tunaandika tukiwa Lisekese, na mifano yetu tumeitoa katika mazingira ya Masasi na Newala, kwa kuwa ndiko wanachuo wetu wengi wanakokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Mwalimu aliye kwingineko ataweka mahindi au maharage mahali pa korosho bila taabu.

Kwaya ya darasani

Kujibu kwa pamoja ni jambo linalojulikana na kila aliyesoma katika shule zetu. Mwalimu hushika mmea mkononi na kusema, “Sehemu hii inaitwa mizi...?” na darasa humalizia, “zi!” Husema tena, “Makao makuu ya nchi yetu ni Dodo...?” nalo hujibu, “ma!” Sauti ni kubwa, nyuso zimechangamka, na mkufunzi aliyeketi nyuma anaweza kudhani kwamba watoto wote themanini wanajua. Lakini tukae karibu na mtoto wa dawati la mwisho na kuitazama midomo yake. Mara nyingi hungoja wenzake waanze, kisha hudaka silabi ya mwisho. Alichojifunza ni wimbo, tena wimbo wa silabi moja.

Hatusemi kwamba kuitikia kwa pamoja hakufai kabisa. Watoto wa Darasa la Kwanza wanapojifunza sauti za herufi, au wa Darasa la Tatu wanapokariri jedwali la kuzidisha, sauti za wengi humsaidia mwenye haya. Ubaya huingia pale mwitikio unapochukua mahali pa swali. Hapo humficha mtoto asiyejua, na humficha vizuri mno, kiasi kwamba hata yeye mwenyewe huenda asitambue kuwa hajui. Anaweza kujificha hivyo tangu Darasa la Kwanza hadi la Nne, ndipo upimaji wa kitaifa umfichue akiwa peke yake mbele ya karatasi, wakati mwalimu aliyepaswa kumsaidia amekwisha kuhamia darasa jingine.

Madai ya kutaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda si mapya katika nchi yetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwezi Machi 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wayafanyayo wengine, na hali ya kujiamini. Kuanzia mwaka 1971 shule ya Kwamsisi, mkoani Tanga, ikisaidiwa na Chuo cha Ualimu cha Korogwe, ilijaribu kuyafungamanisha masomo na kazi za kijiji. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo mwaka 1977. Madarasa yalijaa, na walimu wengi walifunzwa vijijini huku wakifundisha. Hali kama hiyo ya kujaa ilirudi baada ya ada kufutwa katika shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena mwaka 2016 michango ilipoondolewa. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kufanya jambo na si kulisema tu. Kwa hiyo mwalimu wa leo ameagizwa kufundisha kwa vitendo katika darasa ambalo hawezi kupita kati ya madawati bila kukanyaga madaftari. Shauri lolote tutakalompa halina budi kufaa katika chumba hicho.

Swali, na kungoja jibu

Chombo cha kwanza cha mwalimu huyo hakigharimu senti: ni swali zuri, na subira baada ya swali. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi akaona kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walingoja kwa wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kulirudia, kumtaja mwingine au kulijibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, waliokaa kimya bila jibu walipungua, na wale walioonekana wazito walianza kuchangia.

Jambo hili wazee wetu walilijua bila saa ya mkononi. Anayetega kitendawili hatoi jibu mara tu baada ya kuambiwa “Tega!” Hunyamaza. Huwaacha watu wabahatishe, wabishane, wacheke, na wakishindwa hudai apewe mji kwanza. Hakuna anayeona kimya hicho kuwa aibu, kwa sababu kila mtu anajua kwamba ndipo kazi inapofanyika. Darasani, hata hivyo, mwalimu mgeni huogopa kimya kama mtu aliyesahau maneno yake jukwaani. Tunamshauri ahesabu kimoyomoyo moja hadi tano kila anapouliza swali la kufikirisha. Siku za mwanzo hesabu hiyo itaonekana ndefu kama safari ya Mtwara. Ataizoea.

Lakini swali lenyewe listahili kungojewa. “Je, mmea una mizizi?” halistahili, maana jibu lake limo ndani yake. Mwalimu awape jozi ya watoto magugu mawili, moja lililong'olewa kwenye kichanga na moja kwenye udongo mgumu, awaulize: “Mizizi hii inatofautianaje, na kwa nini mnadhani imekuwa hivyo?” Sasa kuna la kutazama na la kubishania.

Baada ya kimya, nani ajibu? Mkono ulioinuliwa wa kwanza ni kishawishi kikubwa. Katika darasa la watoto 80 wapo sita au saba ambao mikono yao huinuka daima, na mwalimu anaweza kumaliza muhula mzima akifundishana na hao tu. Aandike majina yote kwenye vijiti au vipande vya boksi, avitie ndani ya kopo, achomoe kimoja baada ya muda wa kufikiri, si kabla. Akilitaja jina kwanza, wengine 79 hupumzika. Aliyeitwa aruhusiwe kusema, “Bado nafikiri,” na mwalimu arudi kwake baadaye bila kukosa. Asiporudi, maneno hayo yatakuwa maficho mapya.

Kwa maswali yenye majibu ya kuchagua, darasa zima lijibu kwa vidole, mkono ukiwa umeegemezwa kifuani: kidole kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, vitatu kwa la tatu. Jirani haoni kwa urahisi, mwalimu anaona wote kwa mtupo mmoja wa macho. Ni jibu la pamoja kama kwaya, ila safari hii kila mtoto amejibu peke yake. Mwalimu akiona nusu ya darasa wameonyesha vidole viwili ilhali jibu ni la tatu, amepata habari ambayo “Ndiyo, mwalimu!” isingempa kamwe.

Somo la uzani kwa korosho

Hebu sasa tutazame somo moja kwa urefu, yaani somo la kilogramu na gramu katika Darasa la Nne. Mara nyingi hufundishwa hivi: mwalimu huandika ubaoni kwamba gramu 1,000 ni sawa na kilo moja, watoto hunakili, kisha hubadili kilo kuwa gramu katika maswali kumi. Wengi hupata yote kumi. Ukimpa mmoja wao jiwe mkononi na kumuuliza kama linakaribia gramu 100 au kilo tano, hana la kukushika.

Katika wilaya zetu kila mtoto anaifahamu korosho kabla hajaijua herufi ya kwanza. Mwalimu akusanye korosho ghafi 800. Kama shule ina mikorosho yake, vema. Kama amezikopa kwa mzazi, azihesabu mbele yake wakati wa kuzipokea na wakati wa kuzirudisha, kwa sababu korosho ni fedha ya watu. Zina sifa moja ambayo karanga hazina: haziliwi mbichi, hivyo hazipungui njiani. Watoto wakatazwe kabisa kuzipasua au kuzichoma darasani, kwani mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.

Darasa la watoto 80 lina jozi 40, na kila jozi ipewe korosho 20. Swali la kwanza: “Je, korosho ngapi hufanya kilo moja?” Kila mtoto aandike kisio lake daftarini kabla mtu yeyote hajasema neno. Hatua hii ya kuandika kwanza ndiyo kiini cha somo lote, na ndiyo ambayo wanachuo wetu huiruka upesi wakiona muda unakwenda. Mtoto aliyeandika 30, au 1,000, ameweka akili yake mahali panapoonekana. Tangu hapo atataka kujua kama alikisia vema, hata akiwa wa dawati la mwisho.

Swali la pili: “Tutajuaje?” Mwalimu asikimbilie kujibu. Kama ipo mizani ya duka la jirani, aiazime. Kama haipo, watoto waitengeneze: fimbo iliyonyooka ifungwe kamba katikati na kuning'inizwa, na makopo mawili yaliyo sawa yafungwe kwenye ncha zake. Jiwe la mizani tunalo pia, kwa maana lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja, na chupa ya plastiki yenyewe ni nyepesi mno kuharibu hesabu. Nusu lita ni gramu 500, robo lita ni gramu 250. Mtoto aliyeona jambo hili kwa macho yake amejifunza ujazo na uzani kwa pamoja, na hatahitaji kulikariri.

Jozi tano zikiunganisha korosho zao zinapata 100, na darasa zima lina mafungu manane ya namna hiyo. Fungu moja liwekwe koponi dhidi ya lita ya maji: halitoshi. La pili liongezwe. Hapo mizani hukaribia kulala sawa, kwa kuwa kilo moja ya korosho zetu huwa na takriban korosho 200, zaidi zikiwa ndogo na pungufu zikiwa kubwa. Watoto warudi kwenye makisio yao. Kisha waulizwe korosho zote zilizomo chumbani zina uzani gani, bila kupima. Wapo watakaogawa 800 kwa 200, na wapo watakaohesabu mafungu mawili mawili. Wote wapewe nafasi ya kueleza njia zao, maana tofauti za njia hufundisha zaidi ya jibu.

Siku ya pili mwalimu alete bakuli. Katika mikoa ya kusini kuna ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi, unaojulikana kwa jina la kangomba, ambao Serikali imeupiga marufuku. Watoto wanalijua neno hilo kuliko wanavyolijua neno gramu. Bakuli lijazwe kwa kilele, limiminwe koponi, lipimwe kwa maji. Tuseme limepatikana na kilo 1 na gramu 250. Tuseme pia, kwa mfano tu, kwamba mnunuzi hulihesabu kuwa kilo moja na kulilipa shilingi 2,000. Mkulima amepunjwa kiasi gani katika bakuli moja? Gramu 250 ni robo ya kilo, nayo thamani yake ni shilingi 500. Akiuza mabakuli 40? Ni kilo 10 nzima zilizokwenda bure, shilingi 20,000. Tumeona darasa likinyamaza kwa hesabu hiyo, bila mwalimu kuomba utulivu. Mwalimu awe mwangalifu hapa: asitaje jina la mnunuzi wala asimwulize mtoto nyumbani kwao huuza wapi. Hesabu inatosha, nayo itafika nyumbani kwa miguu yake.

Kazi yote hii haiishi katika dakika 40. Tunashauri vipindi viwili, na cha pili kianze kwa kila mtoto kuandika sentensi moja kuhusu jambo aliloligundua jana.

Maji ya Newala

Mtaalamu wa kuchagua swali ni mazingira yenyewe. Masasi ina vilima vya mwamba mtupu. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ina udongo wa kichanga na haina mito juu yake, ingawa mvua hunyesha. Maji hupenya chini na kutokea mabondeni, na tangu miaka ya 1950 yamekuwa yakipandishwa kwa pampu kutoka huko. Mtoto wa Newala aliyewahi kubeba ndoo anayo haki ya kuulizwa: “Mvua inanyesha hapa kwetu. Kwa nini maji hayakai?”

Chupa mbili za plastiki zikatwe vitako, zigeuzwe midomo chini na kuzibwa kwa kitambaa, moja itiwe kichanga, nyingine mfinyanzi. Watoto waandike kwanza wanavyotabiri, kisha kikombe cha maji kimiminwe katika kila chupa na wote wahesabu. Kwenye kichanga maji hupita upesi. Kwenye mfinyanzi hukawia na kutuama juu. Mwalimu wa Masasi naye aulize ni nini hutokea mvua inapopiga jabali.

Kuhusu vikundi

Wanachuo wengi hudhani kwamba kufundisha kwa vitendo maana yake ni kugeuza madawati yakabiliane. Kikundi cha watoto 14 ni mkutano wa hadhara mdogo: mmoja hutubu, mmoja huandika, waliobaki husubiri kengele. Katika darasa kubwa jozi ndiyo silaha, na watoto wanne ndio mwisho. Tena mwalimu atazame nani anafanya nini. Ni jambo la kawaida kuona wavulana wameshika mizani na wasichana wametumwa kuleta maji na kuosha makopo, ingawa hakuna aliyeagiza hivyo. Mwalimu aagize kinyume chake, na abadili zamu kila juma.

Lipo pia suala la lugha, na hapa tunajua kwamba baadhi ya walimu wenzetu hawatakubaliana nasi. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na hatuna shaka nalo. Hata hivyo mtoto wa Darasa la Kwanza anayetoka katika nyumba ya Kimakonde, Kimakua au Kiyao huenda akamnong'oneza jirani yake kwa lugha ya mama anapojaribu kuelewa mizani imelalia wapi. Tunaona afadhali aachwe anong'one. Jozi itoapo taarifa mbele ya darasa, itoe kwa Kiswahili, na mwalimu aisaidie kupata maneno. Mtoto anayekatazwa kunong'ona hasemi Kiswahili zaidi. Hunyamaza tu, kisha husubiri silabi ya mwisho.

Pingamizi tatu na andalio la somo

Tutaulizwa kuhusu muda. Ni kweli kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani haumngojei mtu. Lakini mada iliyofundishwa haraka mwezi Machi, ikarudiwa Julai na kurudiwa tena kabla ya mtihani, imechukua vipindi vitatu ambapo viwili vingetosha. Tutaulizwa kuhusu kelele: mwalimu mkuu akipita dirishani atasemaje? Mwalimu amweleze mapema anachokusudia kufanya, na awazoeshe watoto ishara moja ya kunyamaza, kama mkono juu, kabla hajawapa korosho hata moja. Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo ni utoro wa msimu. Kati ya Oktoba na Desemba, wakati wa mavuno, baadhi ya madawati huwa matupu. Mtoto aliyekosa somo la kunakili huazima daftari. Aliyekosa somo la kutenda hana cha kuazima. Kwa hiyo vifaa vibaki katika kona ya darasa juma zima, na aliyerudi aoneshwe na mwenzake aliyekuwapo, ambaye kwa kumwonesha hujifunza mara ya pili.

Kwa wanaojiandaa kwenda shuleni, tunapendekeza kipimo kimoja chepesi. Ukimaliza kuandika andalio la somo, ifunike safu ya vitendo vya ufundishaji kwa kiganja, usome safu ya vitendo vya ujifunzaji peke yake. Ikiwa imejaa “kusikiliza”, “kujibu maswali” na “kunakili”, andika upya. Kila hatua ioneshe mwanafunzi anakisia nini, anapima nini, anaandika nini, anamweleza nani. Na kipindi kikiisha, usichukue madaftari ya wale sita au saba wenye mikono ya haraka. Chukua matano ya watoto ambao hukuisikia sauti yao siku hiyo, usome walichoandika kabla wenzao hawajasema, na ufanye hivyo kabla ya kuliandika andalio la kesho.